Siku Fimbo ya Tata Ilipozama Nzilo

Fimbo ya kuvulia samaki ya tata, baba yetu, ilikuwa ya mwanzi uliochongwa vipande vyembamba, vikagandishwa pamoja kwa ustadi hata maungio yake usiyaone. Ilitengana vipande vitatu, ikaingia katika mfuko wa kaki ambao mama aliushona upya kila ulipochakaa. Tata alipewa na mhandisi mmoja Mbelgiji aliyefanya naye kazi katika atelye, karakana ya mgodi, hapa Kolwezi, siku yule mzungu alipokuwa anafunga mizigo arudi kwao. Alimwachia pia kigurudumu cha kuzungushia uzi, cha chuma kizito, na kopo la biskuti lililojaa ndoano ndogo zilizovikwa manyoya ili zifanane na wadudu. Mzungu alikuwa na jina lake la Kifaransa kwa ndoano hizo. Tata aliziita nzi tu, na sisi tukaziita hivyo hivyo.

Uvuvi wake ulikuwa tofauti na wa watu wote wa ziwa la Nzilo. Wao walikuwa na nyavu, au uzi na mnyoo. Tata alisimama kwenye mtumbwi, akaurusha uzi nyuma yake hewani, akaurudisha mbele, tena nyuma, tena mbele, mpaka nzi akatua juu ya maji polepole kama aliyejitua mwenyewe. Wavuvi waliokuwa karibu waliacha kupiga kasia wamtazame. "Yule tata anachapa mayi," walisema, yaani anayachapa maji, wakacheka. Lakini samaki aliwapata. Makobo wa Nzilo, wale wapana wenye nyama tamu, walimfuata nzi wake hadi juu kabisa.

Nzi wa mzungu walipokwisha, tata alianza kutengeneza wa kwake. Alichukua manyoya ya shingo ya jogoo, uzi wa cherehani wa mama, na waya mwembamba wa shaba aliokuwa akiufungua kutoka kwenye mota zilizoungua kazini. Alikaa mezani na miwani yake puani, akazungusha ule waya kwenye mgongo wa ndoano, na mimi nikamshikia mkasi.

Nilikuwa na miaka minane aliponipeleka ziwani mara ya kwanza. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Niliketi katikati ya mtumbwi, magoti yameshikana, na nikamwuliza kwa nini Yaya haji. Yaya ni kaka yangu, mtoto wa kwanza nyumbani, ananizidi miaka minne.

"Yaya yako anaogopa mayi," tata alisema. "Nilimuuliza. Alikataa."

Nilimhurumia kaka yangu, na nikiri pia kwamba nilifurahi. Jumapili zote zile zikawa zangu. Tata alinifundisha kushika fimbo bila kuibana, kungoja uzi unyooke wote nyuma kabla ya kuurudisha mbele. Siku nilipompata makobo wangu wa kwanza kwa nzi, alinishika kifundo cha mkono akakigeuzageuza mbele ya macho yake kama anayekagua chombo. "Weye njo uko na mukono," aliniambia. Wewe ndiye mwenye mkono. Maneno hayo nimeishi nayo. Nilipofeli mtihani, nilipoachwa na mwanaume niliyedhani atanioa, nilipoanza kazi ya ukunga na siku ya kwanza nikaachwa peke yangu na mama mwenye uchungu, nilijikumbusha kwamba kuna mtu aliwahi kuuangalia mkono wangu na kuuchagua.

Tata alipofariki, baada ya matanga wajomba waliketi sebuleni kugawa vitu vyake. Kaka yangu alipewa saa, redio na sanduku la vifaa vya kazi. Mjomba alipouinua ule mfuko wa kaki, mama alisema kutoka jikoni, bila kutoka nje, "Hiyo ni ya musichana." Hakuna aliyebisha. Nakumbuka kaka yangu alikuwa anaangalia ukuta. Nilidhani anaomboleza.

Tangu hapo nilikwenda Nzilo Jumamosi moja moja, zamu yangu ikiniruhusu. Nilikuwa na mwenye mtumbwi wangu, bwana mmoja mpole wa kijiji cha ufukweni aliyejua kuushikilia mtumbwi mahali pamoja upepo ukivuma. Hakuwa mtu wa maneno. Watu walinishangaa, mwanamke wa umri wangu, mkunga, nimesimama kwenye mtumbwi nachapa maji. Niliwaacha washangae. Karibu na mji mito imeshageuka rangi na samaki hawako tena, lakini kule Nzilo, kati ya miti mikavu iliyobaki imesimama ndani ya maji tangu bonde lilipofunikwa na maji ya bwawa, kulikuwa bado na makobo.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi, kaka yangu alinipigia simu.

"Mudogo wangu, Jumamosi utaenda ku mayi?"

"Nitaenda."

"Unipeleke. Nataka nione namna tata alikuwa anafanya."

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu baada ya kukata. Miaka yote nilikuwa nimesubiri hilo bila kujua kama nalisubiri. Niliosha uzi kwa sabuni, nikaukausha, nikaupaka mafuta. Nikachagua nzi sita wazuri kuliko wote, wale wa mwisho tata aliowafunga kwa mkono wake, nikawaweka juu kabisa ndani ya kopo ili kaka yangu awaone kwanza.

Tuliondoka asubuhi kwa pikipiki mbili. Tulipita upande wa Mutoshi, kwenye machimbo, vijana wanasukuma baiskeli zenye magunia ya mawe, malori yanatufunika vumbi, na kila nilipogeuka nyuma nilimwona kaka yangu, mtu mzima mwenye tumbo na mvi, kafunga leso puani na ananipungia mkono kama mtoto anayepelekwa sokoni.

Mtumbwini niliketi mbele, kaka yangu katikati, mwenye mtumbwi nyuma na kasia lake. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Mara ya kwanza nzi alinasa kwenye kofia yake mwenyewe, tukacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Mara ya kumi hivi uzi ulitoka vizuri, na makobo mmoja mdogo akaja. Kaka yangu alimshika kwa mikono miwili. Kisha akamrudisha majini, jambo ambalo mwenye mtumbwi hakulipenda hata kidogo.

Baadaye alianza kuangalia mtumbwi. Aliangalia mbele yake, akaangalia nyuma, akapapasa ubao aliokalia.

"Ya tata ilikuwa kama hii?" aliniuliza.

"Sawasawa. Labda ile ilikuwa kubwa kidogo."

Aliupima ubao kwa kiganja. Nami sikuona kwamba kuna kitu cha kuangalia katika uso wake, kwa hiyo sikuangalia.

Upepo ulianza kuvuma. Alirusha tena, vibaya safari hii, na nzi akaenda kunasa kwenye tawi la mti mkavu. Nilimwambia asivute. Nilichukua fimbo mikononi mwake, nikailaza juu ya mbao karibu na mfuko wenye kopo, na mwenye mtumbwi akatusogeza hadi kwenye mti. Nikapiga magoti mbele kabisa, mgongo wangu kwao, nikaushika uzi kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikawa naibembeleza ile ndoano itoke.

Nilisikia kitu kinaanguka majini. Kisha kingine. Uzi niliokuwa nimeushika ukaanza kukimbia. Ulinipita vidoleni kwa nguvu hata ukaniunguza, nikafunga ngumi, na ule mwisho wake mwembamba ukakatika. Nilipogeuka, juu ya mbao hapakuwa na kitu. Fimbo ya mwanzi peke yake ingeelea, lakini kile kigurudumu cha chuma kiliivuta. Niliiona. Niliona ncha yake ikizama imesimama wima, polepole, kahawia ndani ya maji ya kahawia, halafu sikuiona tena.

"Eh! Inaenda! Imeteleza!" kaka yangu alipiga kelele.

Nilitumbukiza mkono hadi begani. Nadhani ningeingia mzima kama asingenikamata blauzi na kunivuta nyuma. "Utakufa!" alisema. "Acha, mudogo wangu, acha, utakufa." Alinikumbatia pale chini ya mtumbwi, ndani ya maji machafu yaliyovujia, na nilipolia naye alilia. Mwenye mtumbwi aligeuza uso upande mwingine. Niliona ni adabu.

Safari yote ya kurudi ufukweni kaka yangu alinishika mkono, ule ule uliochubuliwa na uzi. Nyumbani kwa mama yeye ndiye aliyesimulia. Upepo, alisema, wimbi moja tu. Aliomba dua kwa ajili yangu mbele ya mama na mke wake, akamwomba Mungu anipe faraja. Nilirudi Nzilo mara mbili na wavuvi waliokubali kuburuta nyavu zao chini. Mara ya pili kaka yangu alikuja nami. Kwenye miti ile yote inayofanana sikuwa na hakika ya mahali, na yeye akasimama akanyoosha kidole. "Ilikuwa kule," akasema. "Mi nakumbuka muzuri." Mwenye mtumbwi wangu alitupeleka huko bila kubisha, na wavuvi wakaburuta pale kaka yangu alipoonyesha hadi mchana. Walipata chandarua kilichooza na tairi.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja asubuhi nikiwa zamu kwenye kituo cha afya, aliletwa mama mmoja mwenye uchungu, na nyuma yake, akiwa amebeba beseni na vitenge, alikuwa mwenye mtumbwi wangu. Sikujua kwamba mkewe ana mimba, sikuwa nimekanyaga ziwani tangu siku ya nyavu. Aliponiona alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Nilimwambia aketi kwenye benchi la nje. Mtoto alichelewa, alikuwa amejifunga kamba ya kitovu shingoni, lakini alitoka, na alipolia nilikwenda nje kumwambia baba yake kwamba ni msichana na wote wawili ni wazima.

Hakufurahi kama wanavyofurahi wengine. Alinishika mikono yote miwili.

"Mama, mi niko na kitu mu roho," alisema. "Ile fimbo haikuteleza."

Nilimwambia sielewi.

"Yaya yako alisukuma na muguu. Kwanza ule mufuko. Kisha fimbo. Mi niliona na macho yangu."

"Sababu gani haukusema?"

"Alikuwa ananiangalia. Na mi nilisema, haya ni mambo ya familia." Aliinamisha kichwa. "Ile siku ya nyavu, haikuwa kule alionyesha. Ilikuwa mbali na pale."

Nilirudi ndani, nikamaliza kazi yangu. Nilimpima mtoto uzito, nikamfunika, nikaandika yanayoandikwa. Halafu nikaingia stoo ya dawa nikafunga mlango. Sikuwa nikiiwazia fimbo. Nilikuwa nakumbuka alivyonikumbatia chini ya mtumbwi, na yale machozi yake yaliyokuwa yanadondoka shingoni kwangu, yenye joto.

Jumapili nilikwenda kwake. Alikuwa uani, miguu peku, anaosha gari. Mke wake alinisalimia, akaona uso wangu, akaingia ndani.

"Yaya, uliisukuma na muguu?"

Nilitegemea akane, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima. Alifunga maji kwanza. Akauzungusha mpira wote wa maji, taratibu, akautundika kwenye msumari.

"Niliisukuma," alisema.

"Sababu gani?"

"Unajua miaka ngapi mi nilimuomba tata anipeleke? Kila Jumapili. Nilikuwa navaa viatu, nangojea ku mulango. Unajua aliniambia nini? 'Mutumbwi ni ya bantu babili.' Kila mara vile. Ya bantu babili. Sasa mi, nilikamata hii akilini mwangu. Nilisema, basi, ni mutumbwi ndogo, tata atafanya nini? Hata mutu mukubwa, na batoto bangu, nilikuwa nasema vile: mutumbwi ilikuwa ya bantu babili." Aliniangalia sasa. "Ile siku tulikuwa batatu. Na nafasi ilibaki. Hata mutu wa nne angekaa. Niliona na macho yangu."

"Mi tata aliniambia ulikataa," nilisema. "Alisema unaogopa mayi."

Alicheka, kicheko kibaya. "Mi? Nani alikuwa anaogelea ku mto na batoto bote ba kamp ya mugodi? Weye uliniona naogopa mayi siku gani?"

Kweli, sikuwahi kumwona. Nilikuwa nimemsikia tata akisema tu.

"Ulilia na mi," nilimwambia. "Ulitubeba na nyavu mupaka mahali ya bongo, mahali haikuanguka."

"Nililia ya kweli," alisema. "Nilikuwa nimeshaisukuma, na nililia ya kweli."

Sikumwambia nimesamehe. Hakuomba. Niliondoka nikaenda moja kwa moja kwa mama, kwa sababu sasa kulikuwa na jambo la pili, na mwenye jambo hilo alikuwa kaburini.

Mama alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilimweleza yote, ya mguu, ya viatu mlangoni, ya mtumbwi wa watu wawili. Hakushtuka kuhusu fimbo. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe.

"Tata yenu alikuwa na haya," alisema mwishowe. "Yaya yako alianguka mu mayi. Alikuwa na miaka tatu, weye haukuzaliwa. Tata alikuwa anachapa ile uzi yake, anaangalia mbele, mutoto akaanguka nyuma, hakusikia. Ni muvuvi mumoja alimutosha mu mayi. Walimuleta hapa tumbo imejaa mayi, macho nyeupe. Nilimwambia tata yenu, weka mukono ku Biblia. Huyu mutoto hataingia tena mu mutumbwi. Mutoto wa kwanza, mwanaume! Ningeambia nini bantu ba kwetu? Akaweka mukono. Akanikataza nisimwambie mutoto siku hata moja."

"Na mi?"

"Weye nini?"

"Mi nilikuwa na miaka munane, mama. Sikujua kuogelea. Hata leo sijui."

Alisimamisha vidole. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza swali hilo kumfikia, na nilimwona akilitafutia jibu kwa uaminifu, kwa sababu mama yangu si mwongo.

"Juu ya weye sikumukataza," alisema.

"Sababu gani?"

"Sikuwazia."

Akarudi kwenye maharagwe yake. Nilimsaidia. Tulichambua ungo mzima, akayaweka motoni, nikala nyumbani kwake siku hiyo kama siku nyingine zote.

Kazi yangu imenifanya nisikie kila siku swali moja kutoka kwa watu walioko nje ya mlango: mwanaume ao mwanamuke? Nimelijibu mara nyingi hata silisikii tena. Sikuwahi kufikiri kwamba lilikuwa limeulizwa na juu yangu, na kwamba Jumapili zangu zote pale ziwani zilitokana na jibu lake. Tata alihitaji mwenzake mtumbwini. Mtoto mmoja alikuwa amekatazwa kumhatarisha, mwingine hakuna aliyemkataza. Ule mkono aliousifu labda aliusifu kwa kweli. Makobo walikuja, hilo silikanushi. Lakini sasa kila ninapomkumbuka akinigeuzageuza kifundo, nakumbuka pia kwamba nilikuwa naketi pale pale nyuma yake alipoketi kaka yangu siku alipoanguka majini, na tata akiangalia mbele.

Nimemkasirikia kaka yangu kwa kupeleka chini vitu nilivyovipenda kuliko vyote. Tata nimemkasirikia zaidi, na hilo ni gumu, kwa sababu kaka yangu naweza kumkuta Jumapili nikamnunia.

Fimbo nyingine sikununua. Mwenye mtumbwi alinitumia salamu kwamba niende, atanipeleka bure, mtoto wake amepewa jina langu. Nilikwenda kumwona mtoto. Ziwani sikuingia.

Kaka yangu hajui kwamba alizama akiwa na miaka mitatu. Mama ametimiza neno lake kwa marehemu, na mimi ndiye pekee mwingine anayejua. Anaamini tata hakumtaka. Ningeweza kumwambia kwa dakika mbili kwamba alipendwa hadi akafungiwa nyumbani, kwamba baba yake aliapa kwa ajili yake. Nimeshakwenda kwake na maneno hayo tayari mdomoni, nikanywa chai, nikarudi nayo.

Mwezi uliopita alimwoza binti yake wa kwanza. Wageni walipoondoka tulibaki sisi wawili uani tunapanga viti vya plastiki, kimoja juu ya kingine. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama.

"Kule ku mayi, weye na tata. Alikuwa anasema nini juu ya mi?"

Mama alikuwa amekaa kibarazani, anatusikia. Niliweka kiti nilichokuwa nacho juu ya vingine.

"Hakuwa anasema kitu," nilimjibu.

Aliitikia kwa kichwa. Akabeba rundo lote la viti peke yake, akavipeleka kwa jirani aliyetuazima.